SAFARI YA FAMILIA NA USINGIZI WA DEREVA

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, jamaa wengi wa Dar es Salaam huelekea Moshi, Tanga na kwingineko kuwaona wazee. Ni jambo jema, kwani kuunga udugu ni katika maagizo makubwa ya dini yetu. Mama hufua na kukunja nguo za watoto, hukaanga maandazi, hununua sukari na vitenge vya bibi. Na baba? Mara nyingi hutoka kazini jioni, hupakia mizigo, hula, kisha saa sita usiku hushika usukani kwa hoja kwamba usiku barabara ni nyeupe.

Hoja hiyo hatuikubali. Tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, barabara hiyo si tupu hata kidogo. Malori yaliyoharibika hulala njiani bila taa, na pengine onyo pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa juu ya lami. Aliyeamka Alfajiri na kushinda kazini hapigiwi hodi na usingizi. Macho yakifumba kwa sekunde tatu tu, gari liendalo kilomita 80 kwa saa huwa limekwenda zaidi ya mita 60 bila dereva, na nyuma yake wamelala watoto wake mwenyewe.

Wapo wasemao kwamba dua imekwisha ombwa. Dua ya safari hatuiachi. Lakini Mtukufu Mtume s.a.w. alimwelekeza yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Ngamia wetu wa leo ana matairi manne. Ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kashata zikiwa nzima, na mengi tununuayo kwa bei nafuu yalikwisha tumika ng'ambo. Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilichoko penye mlango wa dereva, maana gari lililojaa watu na mizigo huhitaji upepo zaidi. Tairi la akiba nalo lisisahauliwe.

Kila mtu afunge mkanda. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Gari likigonga, hakuna mama awezaye kumzuia kwa mikono, hata ampende namna gani.

Basi baba alale mapema, familia iondoke baada ya Sala ya Alfajiri. Wapumzike kila baada ya saa mbili hivi. Waendao Moshi wanyooshe miguu Chalinze, wale Korogwe. Msafiri ameruhusiwa kufupisha Sala za rakaa nne ziwe mbili, na kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri. Wakisimama Same wakasali zote mbili, dereva huwa amepata pumziko jingine, na hana Sala ya kuikimbilia kabla ya jua kuzama.

Madeni yalipwe na wasia uandikwe, kama tulivyofundishwa. Kisha bibi apigiwe simu tangu jana yake, aambiwe kwamba wajukuu watafika jioni, asiwangoje kwa chakula cha mchana.