UCHAMBUZI: Mbio za nyikani zitenge kitengo cha baiskeli za gia moja

Nchini Marekani wapo waendeshaji baiskeli wenye uwezo wa kununua mtambo wa gia 12 ambao huung'oa kwa hiari yao, kisha wakaingia katika mbio za masafa marefu milimani wakitegemea gia moja tu. Humu nchini, gia moja ni hali ya maelfu ya watu wanaosaka riziki, na hakuna anayeihesabu kuwa spoti.

Tofauti hiyo yastahili kutathminiwa na wanaoandaa mbio za nyikani hapa Kenya.

Mbio za Leadville, katika jimbo la Colorado, zilianza mwaka 1994. Washiriki huendesha takriban kilomita 160 katika njia za mawe na vumbi. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na mahali wanapogeuzia huko mlimani ni karibu mita 3,800. Anayemaliza kabla ya saa 12 kutimia hutuzwa bizimu ya mshipi. Wenye gia moja wana kitengo chao na matokeo yao.

Aidha, kuna mashindano ya dunia ya gia moja, yaliyoandaliwa Durango mwaka 2009 na Rotorua, New Zealand, mwaka 2010. Huko mshindi huchorwa chale mwilini badala ya kuvishwa medali. Utani ni mwingi, lakini milima haitanii.

Hesabu yake ni hii. Chukua baiskeli ya magurudumu ya inchi 29, yenye gia ya mbele ya meno 32 na ya nyuma ya meno 20. Kila pedali zinapozunguka mara moja, baiskeli husonga takriban mita 3.7. Ukikanyaga mara 90 kwa dakika, utakwenda kilomita 20 kwa saa. Kwenye tambarare, wenzako wenye gia nyingi watakuacha ukizungusha miguu kama cherehani.

Mlimani mambo hugeuka. Mwenye gia ya nyuma ya meno 51 husonga mita 1.4 tu kwa kila mzunguko, akapanda polepole huku ameketi. Wewe huna njia hiyo. Sharti usimame juu ya pedali na kupanda kwa kasi, la sivyo ushuke na kusukuma. Ndiyo maana mwenye gia moja huwapita wengi kwenye mwinuko, si kwa majivuno bali kwa kukosa hiari. Uamuzi wake mkuu, yaani idadi ya meno, huufanya usiku wa kuamkia mbio, na akikosea atalipa siku nzima.

Lipo pia suala la matope. Udongo mweusi unaonata huziba kifaa cha kubadilishia gia hadi kikavunjika. Mnyororo wa gia moja hauna kifaa hicho, na gia yake ya nyuma ikichakaa, hubadilishwa kipande kimoja tu.

Sasa tutazame kwetu. Black Mamba, baiskeli inayobeba maziwa, makaa na abiria, kwa kawaida husonga zaidi ya mita tano kwa mzunguko mmoja. Ndiyo sababu mchuuzi huisukuma mlimani. Anayeimudu kila siku akiwa na mzigo ana miguu ambayo makocha wengi wangeitamani. Kenya haina uhaba wa mapafu wala miguu. Kinachokosekana ni mlango wa kuingilia.

Mlango mmoja ulifunguliwa mwaka 2021, mbio za Migration Gravel Race zilipoanzishwa katika eneo la Maasai Mara, siku nne na takriban kilomita 650. Nia ilikuwa kuwaleta waendeshaji mashuhuri wa kigeni wapambane na wa Afrika Mashariki hapa nyumbani, kwa kuwa viza na nauli huwazuia wetu kuwafuata huko. Suleiman Kangangi, aliyemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017, alikuwa nahodha wa timu ya Amani iliyobeba ndoto hiyo. Alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mbioni Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33.

Hata hivyo, anayetaka kufuata nyayo zake bado hukumbana na bei ya vifaa kabla ya kukumbana na mpinzani. Kitengo cha gia moja, chenye matokeo na zawadi zake, kingepunguza gharama hiyo na kuwaonyesha makocha nani ana nguvu, si nani ana mfadhili.

Wapo watakaosema huku ni kumtengea maskini kona yake. Pingamizi hilo lina uzito, kwani mbio kubwa za ng'ambo hushindwa kwa gia nyingi. Kwa hivyo zawadi ya mshindi ingefaa iwe baiskeli kamili ya mashindano na nafasi katika kitengo kikuu mwaka unaofuata, wala si bahasha ya pesa na picha.

Waandaaji wasiruhusu Black Mamba kama ilivyo. Breki zake za vyuma hulegea mvuani, na mteremko wa mawe si mahali pa kujaribu bahati. Fremu imara ya baiskeli ya milimani, breki za kutegemewa na gia moja vinatosha. Idadi ya meno aamue mwendeshaji mwenyewe.