Radi ni Zetu, Kamera ni za Wengine

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili, kazi imenibana. Leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Mwaka 2019, nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, nilipeleka pendekezo la mradi: programu ya kuchuja data ya kamera za matukio ili kunasa mimweko inayotokea juu ya mawingu ya radi. Mmoja wa wahadhiri alicheka. "Kijana, hayo ni mambo ya wazungu. Tengeneza mfumo wa kukata tiketi za matatu." Nikasema sawa, mwalimu. Nikautengeneza, nikapita mtihani. Hakuna matatu hata moja iliyowahi kuutumia.

Basi leo namjibu.

Kwanza, kitu chenyewe. Radi kubwa inapopiga ardhi, wakati mwingine hutokea mmweko mwekundu juu kabisa ya wingu, kati ya kilomita 50 na 90 kutoka chini, umbo lake kama pweza aliyening'iniza minyiri. Huitwa spraiti (si ile soda!). Mwanafizikia C.T.R. Wilson alitabiri jambo kama hili miaka ya 1920, lakini picha ya kwanza ilipatikana Julai 1989, tena kwa bahati tu, John Winckler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipokuwa wakijaribu kamera ya usiku. Ana ndugu yake aitwaye elvesi: pete ya mwanga inayotanuka na kutoweka kabla ya milisekunde moja kwisha.

Hapo ndipo sisi watu wa kompyuta tunapoingia. Kamera ya kawaida hupiga fremu 30 kwa sekunde, yaani kila fremu ni milisekunde 33. Elvesi huzaliwa na kufa ndani ya fremu moja. Utasema, ongeza fremu. Haya, tupige hesabu. Fremu 10,000 kwa sekunde, pikseli 1280 kwa 800, baiti moja kwa kila pikseli: ni gigabaiti 10 kila sekunde, karibu zote picha za giza. Utazihifadhi wapi?

Kamera ya matukio haina fremu. Kila pikseli hujitegemea na hukaa kimya mpaka mwanga unaoifikia ubadilike. Hapo hutuma ujumbe mfupi: niko safu hii, mstari huu, wakati huu kwa mikrosekunde, mwanga umepanda au umeshuka. Basi. Patrick Lichtsteiner, Christoph Posch na Tobi Delbruck walieleza kamera ya namna hii mwaka 2008, ikiwa na pikseli 128 kwa 128 tu. Mwaka 2023 mwanaanga wa Denmark, Andreas Mogensen, alielekeza kamera ya matukio kwenye radi akiwa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, katika jaribio la Thor-Davis.

Mgala muue na haki yake mpe: kamera hizi zina kasoro. Gizani pikseli huchelewa kujibu na hutoa kelele nyingi, matukio ya uongo yasiyotokana na chochote. Tena haikwambii mwanga ni mkali kiasi gani, inakwambia tu kwamba umebadilika. Lakini tazameni hiyo ni kazi ya nani! Tukio lisilo na jirani ndani ya milisekunde chache, litupe. Yanayokuja kwa kundi, yatunze. Hiyo ni programu, na programu tunaweza kuandika.

Sasa hilo la "mambo ya wazungu". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa data ya setilaiti ya TRMM ulionyesha kuwa mahali panapoongoza kwa radi Afrika ni karibu na Kabare, mashariki mwa Kongo: radi 205 kwa kilomita mraba kwa mwaka. Duniani ni Ziwa Maracaibo tu, Venezuela, linalopashinda. Ziwa letu Victoria nalo huwaka usiku kucha. Na spraiti haionekani ukiwa chini ya dhoruba, wingu linakuziba. Unatakiwa kuwa mbali, kilomita 200 au 300, penye anga safi. Mtu akisimama kwenye miinuko ya Mau usiku akatazama magharibi, yuko mahali pazuri kabisa. Mzungu gani ana kiti kama hicho?

Sisemi spraiti italeta unga mezani. Haiui mtu wala haiokoi mtu; radi ya kawaida ndiyo inayoua wavuvi na wanafunzi wetu. Ninachokataa ni wazo kwamba programa wa Kenya kazi yake ni tiketi na malipo tu, na kwamba anga lake mwenyewe atasomewa na wengine halafu auziwe matokeo.

Ndiyo, nyingi ya kamera hizi bado ni ghali. Lakini kuna programu huria iitwayo v2e, iliyotoka Zurich, inayogeuza video ya kawaida kuwa mkondo wa matukio. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi anaweza kuanza leo usiku na kuandika kichujio chake. Wahadhiri, akija na pendekezo hilo msicheke.

Mimi nimeanza changu upya. Anayenipinga, uwanja ni wake, aseme.