Kusi, Mwezi na Nyoyo za Watu

Upepo wa kusi ukishashika, mtu aliyezaliwa visiwani hana haja ya kuambiwa. Huujua kwa kelele za minazi, kwa povu jeupe linalopanda juu ya miamba, na kwa ngalawa zilizovutwa ufukweni zikalala ubavu. Huujua pia kwa nyuso za watu. Mabarazani mazungumzo hupungua, na mzaha uliochekwa mwezi wa Januari ukirudiwa mwezi wa Julai huzua ugomvi. Wazee wetu waliyaona hayo zamani, wakawa wakisema kumwambia kijana aliyekasirika bila ya sababu: subiri, hilo ni kusi, litapita.

Leo tungependa kuuliza iwapo wazee hao walisema kweli. Je, upepo, joto, baridi na mwezi vina nguvu juu ya nyoyo za watu? Na kama vinayo, ni lipi la kufanywa na wananchi, na ni lipi la kufanywa na Serikali? Huenda wapo watakaosema kwamba haya si mambo ya kuandikwa katika safu hii, kwa kuwa hali ya hewa ni amri ya Mwenyezi Mungu na moyo wa mtu ni siri yake. Sisi hatuoni hivyo. Jambo linaloondoa usingizi, linalotia magomvi majumbani na kupunguza nguvu ya kazi katika kisiwa kizima, ni jambo linalomhusu kila mwenye dhamana.

Tuanze na nchi za baridi, ambako wanazuoni wameuchunguza sana mkasa huu, na ambako wapo ndugu na watoto wetu wengi. Mwaka 1984 Daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, yeye na wenzake walieleza ugonjwa wa majonzi unaowashika baadhi ya watu kila yanapoingia majira ya baridi, na kuwaacha yanaporudi majira ya joto. Mgonjwa hulala sana na huamka mchovu, hutamani vitu vitamu, na huwakimbia watu. Sababu inayotajwa zaidi ni upungufu wa mwanga wa jua. Katika siku fupi kabisa za mwezi wa Desemba urefu wa mchana wa London haufiki saa 8. Katika mji wa Tromsø, kaskazini ya Norway, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mojawapo ya tiba zake ni kumketisha mgonjwa kila asubuhi mbele ya taa kali kwa kiasi cha nusu saa.

Basi mzazi aliyeko Wete au Makunduchi anapopigiwa simu na mwanawe aliye ng'ambo, akaambiwa, "Mama, sina hamu ya kitu chochote," asifanye haraka kusema kuwa mtoto amekuwa mvivu au amesahau kwao. Amwombee dua, na pia amhimize aende kwa daktari, kwani maradhi hayo yanajulikana na yanatibika.

Huku kwetu mambo ni mengine. Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya Ikweta, na Pemba iko karibu zaidi. Tofauti baina ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja. Hata wakati wa kipupwe, watu wanapojifunika shuka mbili, jua huchomoza na kuchwa kama lilivyozoea. Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa huzuni ya kusi inatokana na giza. Tukitaka kuijua asili yake, tuingie jikoni.

Kusi likichafuka, mvuvi wa ngalawa hatoki. Siku ya kwanza hutengeneza nyavu. Siku ya pili huziba nyufa za chombo. Ikifika siku ya tano hana la kutengeneza, na deni la dukani limekwishapanda. Huyo ndiye anayekaa barazani akinuna, na jioni akamfokea mtoto kwa kosa dogo. Wapo na wavuvi wanaokwenda dago, wakahama kwa wiki nyingi kufuata samaki, kama wafanyavyo watu wa Kojani. Wake zao huusikiliza upepo usiku kucha. Tena ziko nyumba ambazo kusi huzikumbusha msiba. Tarehe 18 Julai 2012, msimu huo huo wa pepo kali, meli ya Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, na roho nyingi zikapotea. Mtu aliyempoteza mzazi au mwana katika bahari ile, akishituka usiku kwa mvumo wa upepo, hastahili kuchekwa.

Kuhusu mwezi, maneno ni mengi. Wapo wanaoamini kwamba wazimu huzidi mwezi ukipevuka. Hesabu za wagonjwa zilizochunguzwa katika nchi mbalimbali kwa miaka mingi hazikuthibitisha imani hiyo. Kuhusu usingizi, hata hivyo, ipo dalili. Mwaka 2013 wachunguzi wa Basel, nchini Uswisi, walieleza kwamba watu waliolala katika vyumba vya uchunguzi bila ya kuuona mwezi walipungukiwa na kiasi cha dakika 20 za usingizi katika siku za mwezi mpevu. Mwaka 2021 uchunguzi mwingine, uliofanywa miongoni mwa Watoba wa Argentina, ulionyesha kwamba watu huchelewa kulala, na hulala muda mfupi zaidi, katika siku zinazoutangulia mwezi mpevu. Ilikuwa hivyo kwa wenye umeme na kwa wasio nao. Na mtu aliyekosa usingizi, sote twajua, huwa mwepisi wa hasira.

Lakini mwezi wa visiwani una kazi kubwa kuliko hiyo. Mvuvi wa dagaa hutegemea siku za kiza, kwa kuwa huwakusanya dagaa kwa taa, na mbalamwezi ikienea taa yake haifui dafu. Siku hizo yeye hupumzika bila ya kutaka, na wanawake wanaonunua dagaa ili wawaanike hukaa bure pamoja naye. Mkulima wa mwani, kwa upande wake, huungojea mwezi mchanga na mwezi mpevu. Hapo ndipo bamvua linapokuja, maji yakatoka mbali wakati wa asubuhi, naye akaweza kufika shambani mwake. Tangu kilimo hicho cha biashara kilipoanza kwetu mwaka 1989, maelfu ya wanawake wamekuwa wakipanga kupika, kufua na hata kuuguza kwa kufuata bamvua na maji mafu. Basi mwezi huo huo mpevu unaomnunisha mume humchangamsha mke. Hapa hapana uchawi. Kila mmoja amefurahi au amehuzunika kwa kadiri ya riziki yake.

Tutoe mfano mmoja zaidi, ambao waliokuwapo hawajausahau. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya kuharibika njia ya umeme unaotoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, kisiwa cha Unguja kilikaa karibu miezi 3 bila ya umeme huo. Ilikuwa ni msimu wa kaskazi, miezi yetu ya joto kali. Pangaboi zilisimama, mabomba mengi yakakauka kwa kukosa pampu, na watu wakalala nje au wasilale kabisa. Asubuhi walikutana madukani na madaftarini wakiwa na macho mekundu na maneno makali. Joto la mwaka ule lilikuwa ni joto lile lile tulilolizoea. Lililozidi ni kwamba kinga yetu ilikuwa imevunjika.

Hapa ndipo ulipo msingi wa maoni yetu. Upepo, joto na mwezi havina mwenye kuviamuru miongoni mwetu. Lakini mlango ambao kwao vitu hivyo huingia katika nyoyo za watu, mara nyingi, ni mlango ulioachwa wazi na wanadamu: akiba isiyowekwa, taarifa isiyofika, mashine isiyotengenezwa, mgonjwa asiyesikilizwa. Dalili ya mvua ni mawingu, na kusi haliji kwa kuvizia. Huja kila mwaka, na kila mtoto wa pwani anaujua mwezi wake. Jambo linalojulikana tangu mwaka jana haliwezi kuitwa dharura.

Kwa hiyo, tunawaomba wakuu wa Serikali wayatazame mambo manne. Kwanza, tahadhari za upepo mkali zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa zifike kila diko, kwa Kiswahili anachokifahamu mvuvi, kabla hajapandisha tanga. Pili, michango na kodi ndogo ndogo zinazowaangukia wavuvi zipangwe zikusanywe wakati bahari imetulia na mifuko ina kitu. Tatu, kila afisa na kila sheha awe na kalenda ya maji mezani pake. Anayewaita wanawake wa mwani mkutanoni asubuhi ya bamvua, kisha akalalamika kuwa hawakuhudhuria, ajilaumu mwenyewe. Nne, barafu, vyumba vya baridi na majiko ya kukaushia dagaa vienezwe, ili pato la siku njema lisaidie siku mbaya.

Wananchi nao wana wajibu wao. Fedha za kaskazi zisimalizike katika kaskazi. Mwenye chombo amkumbuke baharia wake upepo unapofunga njia. Na mtu anapokaa wiki mbili halali, hali, wala hataki kusema na watu, asipigwe, asifungwe kamba, wala isisemwe tu kwamba mwezi umempanda. Apelekwe kituo cha afya. Ipo Hospitali ya Kidongo Chekundu, na kuingia humo si aibu kuliko kuingia hospitali nyingine yoyote. Wauguzi wa vijijini, kwa upande wao, wazoee kumwuliza mgonjwa habari za usingizi na moyo wake kama wanavyomwuliza habari za homa.

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini hawakuwaacha watu na vinyongo vyao. Huko Makunduchi, katika Mwaka Kogwa ambao siku hizi huangukia mwezi wa Julai, wanaume hupigana kwa magogo ya migomba ili chuki za mwaka mzima zimalizike uwanjani mbele ya watu wote, kisha wote hula pamoja, wala haipendezi nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Waliojipangia hivyo walijua kwamba moyo wa mtu huchafuka kama bahari inavyochafuka, na kwamba jirani ana kazi ya kuutuliza.

Kusi la mwaka huu litapita kama yalivyopita mengine. Litakalofuata nalo tunaijua miezi yake. Tungependa kulikuta diko lenye taarifa, ghala lenye akiba na afisa mwenye kalenda, na hapo tutaweza kuona ni kiasi gani cha huzuni yetu kilikuwa cha upepo, na ni kiasi gani kilikuwa chetu wenyewe.