Weka grainda chini, buda

Wasee, tuongee ukweli. Kila wiki naona video ya msee akilainisha meza ya saiprasi kwa grainda, na watu chini wanaandika "noma sana." Noma gani? Hiyo kitu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ni ya chuma. Ukizubaa kidogo tu, ubao umechimbwa, na ukipaka vanishi kila mkwaruzo unajitokeza.

"Lakini ile ya ukanda iko na nguvu." Nguvu ya nini? Unatengeneza stuli, si mlango wa kanisa! Nunua ile ya diski ya mm 125, inayozunguka huku ikitetemeka; haiachi alama za duara. Anza na msasa namba 80, kisha 120, malizia 180. Usiruke.

Na iwe na mfuko wa vumbi. Hapa sibembelezi mtu. Vumbi la mbao liko kwa orodha ya WHO ya vitu vinavyoleta saratani tangu 1995. Mafundi wetu wamelivuta miaka yote bila barakoa, sisi tunaita hiyo ujasiri. Sasa wewe unalipulizia ndani ya bedsita, mtoto amelala hapo kando?

Kama pesa haitoshi, zungushia msasa kipande cha mbao, usugue kwa mkono. Nje. Na barakoa uvae.