Homa ya Mtoto Haiulizi Babu Alitoka Wapi

Niko Sironga, kaunti ya Nyamira, wiki ya pili sasa kwa shughuli za kikazi. Kijana wa hapa akitimiza miaka 18 huenda kwa chifu na nakala ya kitambulisho cha mzazi, mambo yakaenda. Lakini Kisii mjini, safari fupi tu ya matatu, wako ndugu zetu Wanubi walioishi huko tangu enzi za Mwingereza, na kwao hilo halikutosha. Kwa miaka mingi waliketishwa mbele ya jopo wakaulizwa babu alitoka wapi. Sisi wa Pwani wenye majina ya Kiislamu jopo hilo twalijua.

Babu alitoka Sudan. Waingereza walimtumia katika jeshi la King's African Rifles, kisha hawakumrudisha kwao. Leo kitukuu chake ndiye anayeitwa mgeni, na ugeni huo unamfuata hadi zahanati.

Tarehe 22 Machi 2011, kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba Kenya iliwabagua watoto wa Kinubi. Wengi wanaikumbuka kesi ile kuwa ya uraia tu. Lakini kamati iliona pia kuwa haki yao ya afya ilivunjwa, kwa kuwa huduma zilizowafikia zilikuwa duni kuliko za jamii nyingine.

Na si ajabu. Mzazi asiye na kitambulisho haajiriwi kwa urahisi, basi dawa hununuliwa pesa zikibaki. Mtaa usio na hati ya ardhi hukosa mabomba na mtaro wa maji taka, mtoto akashikwa na kuhara. Kibera, Wanubi walitengewa zaidi ya ekari 4,000. Hati waliyokabidhiwa 2017 ni ya ekari 288. (Hesabu hiyo mwenye macho aifanye mwenyewe.)

Tangu Oktoba 2024 tuna SHA badala ya NHIF, na usajili wake unaanzia kwenye kitambulisho cha mzazi. Kweli, Februari 2025 Rais Ruto alitangaza mwisho wa uchunguzi wa ziada wa vitambulisho. Wamakonde wa Kwale walitembea hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa, na Wapemba wakafuata 2023. Twashukuru. Ila mama aliye bado kwenye foleni ana mtoto anayeumwa leo.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya huduma ya afya, hakikuongeza "wa mwenye kitambulisho". Zahanati ziko chini ya kaunti. Kisii, Kwale na Kilifi zinaweza kuamuru mtoto atibiwe kwa kile kijitabu cha kliniki anachobeba mama, bila kuulizwa zaidi. Nikirudi Mombasa hilo ndilo nitakalomuuliza mwakilishi wa wadi yangu, nawe muulize wako.