Siku Haina Kosa: Tafakari Juu ya Tarehe 21 Oktoba



Mwezi wa Oktoba sote twaujua kuwa ni mwezi wa Rozari, na Jumapili yake ya kabla ya mwisho huwa ni Jumapili ya Misioni. Katikati ya shughuli hizo njema iko tarehe moja ambayo katika mkoa wetu hupita kimya, ingawa kwa watu wengi wa pande hizi za Ziwa Tanganyika ni tarehe nzito: tarehe 21. Wapo wasemao kuwa ni siku ya mkosi. Wapo waikumbukao kwa machozi, na wapo waikumbukao kwa hasira. Tumeona vema kuizungumzia, kwa kuwa namna watu wanavyoikumbuka siku ni jambo la haki na amani, sawasawa na namna wanavyogawana ardhi na maji.

Yaliyotukia siku hiyo

Tarehe 21 Oktoba 1956, katika wilaya ya Nyeri nchini Kenya, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipigwa risasi mguuni na kukamatwa kandokando ya msitu. Alishitakiwa, akahukumiwa kifo, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti, akazikwa pasipo alama yoyote juu ya kaburi. Hata baada ya Kenya kupata uhuru wake mwaka 1963, chama cha Mau Mau kiliendelea kupigwa marufuku kisheria mpaka mwaka 2003.

Tarehe 21 Oktoba 1969, nchini Somalia, jeshi likiongozwa na Jenerali Mohamed Siad Barre lilitwaa madaraka. Siku sita tu zilikuwa zimepita tangu Rais Abdirashid Ali Shermarke kuuawa, na Bunge lilikuwa likijiandaa kumchagua mwingine. Jeshi likalifunga Bunge na kuisimamisha Katiba. Serikali hiyo iliifanya tarehe 21 Oktoba kuwa sikukuu, na mwaka 1972 ikaichagua siku hiyohiyo kutangaza hati ya kuandikia Kisomali, jambo lililowawezesha watu wengi kujua kusoma. Lakini nchi isiyo na Bunge huru wala mahakama huru ilikosa mahali pa kumalizia ugomvi kwa maneno. Siad Barre alipokimbia Mogadishu mwezi Januari 1991, Wasomali kwa mamia ya maelfu walikimbilia Kenya na kwingineko.

Tarehe 21 Oktoba 1993, nchini Burundi, askari waasi walimwua Rais Melchior Ndadaye. Huyu alikuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo kuchaguliwa na wananchi katika uchaguzi wa vyama vingi, uliofanyika tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Tena alikuwa Mhutu wa kwanza kushika cheo hicho. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mkimbizi nchini Rwanda tangu mauaji ya mwaka 1972. Alimteua Sylvie Kinigi, mwanamke wa Kitutsi wa chama kilichoshindwa, kuwa waziri mkuu. Alitawala miezi mitatu na siku chache. Pamoja naye aliuawa Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute.

Siku haina kosa

Mtu akiyapanga matukio hayo matatu kwenye mstari mmoja, aweza kushawishika kusema kuwa siku yenyewe imelaaniwa. Sisi hatukubaliani na maneno hayo, na twaona kuwa yana hatari ndani yake. Atupiaye kosa siku humwondolea kosa mtu. Mambo hayo matatu yalitokana na maamuzi ya watu, na waliyafanya wakiwa na akili timamu. Watawala wa kikoloni waliamua kujibu madai ya ardhi kwa kitanzi. Maofisa wa jeshi la Somalia waliamua kutowasubiri wabunge. Askari wa Bujumbura waliamua kuwa kura za wananchi si kitu mbele ya bunduki. Katika kila neno mojawapo ilikuwako njia nyingine, na waliokuwamo waliijua. Nchini Burundi kwenyewe, Rais Pierre Buyoya aliposhindwa mwezi Juni 1993, aliyakubali matokeo na kukabidhi madaraka kwa amani. Njia ilikuwa imekwisha kuonyeshwa.

Ndiyo maana twasema: siku haina kosa. Tukiifahamu hivyo, tarehe huacha kuwa mkosi na kuwa ushahidi.

Kilio cha nusu

Ipo hatari ya pili, tena kubwa kuliko ile ya kwanza, nayo ni kuikumbuka siku nusunusu.

Habari za kuuawa kwa Ndadaye zilipoenea, siku ileile ya tarehe 21 Oktoba 1993, huko Kibimba, karibu na Gitega, makumi ya wanafunzi Watutsi walikusanywa katika kituo cha mafuta na kuchomwa moto. Hawakuwa wamemwua rais. Walikuwa vijana wa shule. Katika siku zilizofuata Watutsi wengi waliuawa na jirani zao vilimani, na jeshi nalo likawaua Wahutu wengi katika kulipiza kisasi. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Watu wapatao laki saba walikimbilia Rwanda, Zaire na Tanzania.

Basi tangu wakati huo tarehe moja ina misiba miwili. Wako wanaomlilia Ndadaye wasitake kusikia jina la Kibimba. Wako wanaowalilia wanafunzi wa Kibimba wasitake kusikia jina la Ndadaye. Kila upande unayo kweli, lakini unayo nusu yake tu. Na kweli iliyokatwa katikati hukata kama panga. Wahenga walinena: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mauaji ya Aprili na Mei 1972, ambamo Wahutu wasiopungua laki moja waliuawa, hayakuzungumzwa hadharani kwa miaka ishirini. Hakuna aliyefikishwa mahakamani ili haki ionekane. Watoto walilelewa katika manong'ono, na mwaka 1993 baadhi yao wakayatenda manong'ono hayo kwa mikono. Kumbukumbu iliyonyimwa haki haifi. Hukaa kama makaa chini ya majivu.

Kwa nini jambo hili ni letu

Wapo watakaouliza: hayo ni ya Burundi, sisi wa Kigoma yanatuhusu nini? Jibu tunalo mlangoni. Mwaka 1972 watu walivuka mpaka na kutufikia kwa miguu na kwa mitumbwi, na wengi wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 1993 walikuja tena. Mwishoni mwa mwaka 1996, vita vilipoanza upande wa Uvira, walikuja Wakongo kwa mashua, na Nyarugusu ikafunguliwa. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na kipindupindu kikawaua makumi yao, mpaka meli yetu kuukuu, MV Liemba, ilipofanya safari moja baada ya nyingine kuwaleta mjini Kigoma. Kiha na Kirundi ni ndugu. Tumeoana, tumesimamiana ubatizo, tumezikana. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na sisi wembe umepita karibu na kichwa chetu mara nyingi.

Haki yatudai tuseme pia kuwa wenyeji walibeba mzigo. Misitu ilikatwa kwa kuni, visima vilizidiwa, na ujambazi wa silaha ulizitesa wilaya za Kasulu na Kibondo kwa miaka mingi. Mwanakijiji aliyepoteza ng'ombe au mwana hakosi akilalamika. Lakini kulalamika juu ya mhalifu ni jambo moja, na kuwahukumu watu wote kwa kabila lao ni jambo jingine. Mwishoni mwa mwaka 1997 Warundi waliokuwa wakiishi vijijini mwetu walikusanywa na kupelekwa makambini, na miongoni mwao walikuwamo waliokaa hapa tangu mwaka 1972, wenye wake na waume Watanzania. Nyumba ziligawanyika kwa siku moja. Tarehe za namna hiyo nazo ni za kukumbukwa, kwa kuwa ni zetu. Vilevile ikumbukwe kwa shukrani kuwa mwaka 2014 watu zaidi ya laki moja na nusu wa wale wa 1972 na wazao wao walipewa uraia wa nchi hii. Ni mataifa machache duniani yaliyofanya jambo kama hilo.

Tena tujitazame wenyewe. Pale Ujiji lipo jiwe la kumbukumbu lenye tarehe 10 Novemba 1871, siku Stanley alipokutana na Livingstone. Wageni wawili wale walikuwa wameugua homa na kupotewa na hesabu ya siku, hata wataalamu waliokuja baadaye wamesema kuwa yamkini walikutana mwishoni mwa Oktoba. Hata hivyo tarehe yao ina jiwe. Watumwa na wapagazi waliotembezwa kutoka Ujiji hadi Bagamoyo hawana tarehe wala jina. Hatusemi jiwe liondolewe. Twasema tu kuwa kalenda aghalabu huandikwa na mwenye kalamu, na ni wajibu wa jumuiya kuwaandika wale ambao kalamu iliwapita.

Je, kukumbuka si kufukua makaburi?

Pingamizi hili twaliheshimu, kwa maana hutolewa na watu walioumia. Husema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini kidonda kinachofungwa bila kusafishwa huoza ndani. Nchini Kenya ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya serikali ya Uingereza, mwezi Juni 2013, kukiri kuwa Wakenya waliteswa wakati wa hali ya hatari, na kuwalipa fidia wazee zaidi ya elfu tano. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Hata hivyo waliokuwa hai walisikia neno walilolingojea, na hakuna vita iliyotokea kwa sababu hiyo. Mwalimu Nyerere alianza usuluhishi wa Burundi mwaka 1996 na kuufanya mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba wa Arusha uliotiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, chini ya usimamizi wa Mzee Mandela, uliyataja yaliyopita waziwazi, kwa kuwa wajumbe walikwisha kuona kuwa kunyamaza kulijaribiwa kukashindwa.

Swali basi ni tukumbuke kwa namna gani. Sisi twapendekeza mambo manne kwa kila parokia.

Kwanza, tarehe 21 Oktoba au Jumapili iliyo karibu nayo, jumuiya zikutane kusali kwa ajili ya marehemu wote wa siku hiyo bila kuwatenga: Ndadaye na wenzake, wanafunzi wa Kibimba, na wote waliouawa vilimani na askari au na jirani. Asiyeweza kumwombea marehemu wa upande wa pili akae kimya, aanze na kimya hicho.

Pili, siku hiyo isiwe jukwaa la vyama wala la hesabu ya nani alikufa wengi zaidi.

Tatu, kila kigango kiandike daftari lake: lini wakimbizi walifika kijijini, nani aliwapokea, nani alidhulumiwa, mwenyeji au mgeni. Wazee wanaojua mambo hayo wanaondoka mmoja mmoja.

Nne, tufundishe pia siku za watu waliokataa uovu. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wenye silaha waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa kutengana, na arobaini wakauawa. Vijana wale walikuwa wametoka katika nchi ileile, wamesikia manong'ono yaleyale, na umri wao ulikuwa kama wa wale wa Kibimba. Hao wanatuonyesha kuwa hakuna mtu aliyelazimishwa na damu yake wala na kalenda kuwa mwuaji.

Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake alijibu kana kwamba halimhusu. Sisi tunaokaa ukingoni mwa ziwa hili, ambalo nchi nne hulinywa, hatuna ruhusa ya kutoa jibu hilo. Viongozi wa walei, tunawaomba mlipeleke jambo hili katika vikao vya halmashauri zenu kabla ya Oktoba kuingia, mliamue, na mwandike mlichoamua.

Amani iwe kwenu nyote.