USINGIZI WA MGONJWA USIPUUZWE

Desturi yetu ya kusalimiana asubuhi ni njema. Jirani humwuliza jirani yake, "Umelalaje?", naye hujibu, "Salama." Jibu hilo hutolewa na aliyelala fofofo, na hutolewa vile vile na aliyekesha akingojea jogoo awike. Njiani hapana ubaya, kwani salamu si mahojiano. Lakini jibu hilo hilo likitolewa mbele ya daktari na mtu anayemeza dawa ya saratani sugu ya damu, laweza kumgharimu uhai wake.

Saratani tunayoikusudia hapa ni ile ambayo wataalamu huiita lukemia sugu ya mieloidi. Hapo zamani wengi wa waliopatwa nayo hawakuishi ila miaka michache tangu igunduliwe. Mambo yalibadilika mwezi Mei 2001, Marekani ilipoidhinisha dawa iitwayo imatinib, ambayo huzuia kimeng'enya kinachozifanya chembe mbovu za damu zizaane bila kikomo. Kuanzia mwaka 2002 kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation zilianzisha mpango wa kuitoa bure kwa wagonjwa wa nchi zisizo na uwezo. Hapa Tanzania dawa hiyo ilitolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa muhimu. Mtu ambaye zamani angehesabiwa miaka michache, leo aweza kuwaona wajukuu wake, ila kwa sharti moja: ameze vidonge vyake kila siku, mwaka hadi mwaka.

Sharti hilo ndilo lenye mtihani, na mtihani wenyewe mara nyingi huja usiku. Tuchukue mfano wa mgonjwa aishiye Gulwe, wilayani Mpwapwa. Ameagizwa ameze imatinib pamoja na mlo mkubwa na bilauri kubwa ya maji. Kwa mkulima wa huko mlo mkubwa aghalabu ni wa jioni, ugali wa mtama au wa uwele kwa mlenda. Basi humeza vidonge baada ya chakula hicho, kisha kwa uchovu wa shamba hujinyosha kitandani papo hapo. Kiungulia na kichefuchefu humwinua. Usiku wa manane misuli ya miguu humkaza kwa maumivu. Maji yaliyomvimbisha vifundo mchana humwamsha kwenda haja ndogo mara kwa mara. Tena kukosa usingizi kwenyewe ni miongoni mwa madhara yanayojulikana ya dawa hiyo. Juu ya hayo yote huja mawazo ya nauli, ya ada za watoto, na ya lini ugonjwa utarudi.

Mgonjwa huyo hasemi. Anaona aibu kulalamikia usingizi hali amepewa dawa ya kumwokoa. Anachelea pia maneno ya watu, maana wapo watakaosema amerogwa, na wapo watakaomtania kwamba njia yake sasa ni ya Mirembe. Kwa hiyo hujifanyia uchunguzi wake mwenyewe. Usiku mmoja huacha kidonge, akalala vizuri. Hapo huamua kwamba adui ni kidonge. Juma linalofuata huacha viwili. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Atatokea mtu wa kusema kwamba kliniki zetu zimejaa wagonjwa mahututi, na kwamba usingizi ni jambo dogo lisilostahili dakika za daktari. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini haisimami mbele ya ushahidi. Mwaka 2010 madaktari wa Hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 87 waliokuwa wakitumia imatinib kwa miaka kadhaa. Miongoni mwa waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao, uwezekano wa ugonjwa kushuka hadi kiwango kidogo kinachotakiwa, katika muda wa miaka sita, ulikaribia asilimia 95. Kwa wale ambao hawakufikia kiasi hicho, ulikuwa takriban asilimia 28 tu. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: asilimia kumi ya mwezi ni siku tatu. Mikesha mitatu inayomfanya mgonjwa aache vidonge vitatu yatosha kumtoa katika kundi la kwanza na kumtia katika la pili. Je, hilo ni jambo dogo?

Isitoshe, mikesha hailingani. Mwenye kiungulia huenda akafaidika kwa kula na kumeza dawa mapema, saa mbili au zaidi kabla ya kulala, au kwa kuhamishia kidonge asubuhi kwa idhini ya daktari. Mwenye kukazwa na misuli ana tiba yake. Mwenye hofu anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Lakini anayelowa jasho usiku, au anayeshindwa kulala kwa uzito wa bandama ubavuni, huenda anaonyesha kwamba ugonjwa wenyewe haujadhibitiwa, na huyo apimwe damu bila kuchelewa. Ndiyo sababu hatukubaliani kabisa na tabia ya kukimbilia dukani kununua vidonge vya usingizi. Baadhi ya vidonge hivyo, vikikutana na imatinib, nguvu yake huzidi mwilini; na hata visipodhuru, huficha dalili ambayo daktari alipaswa kuiona. Pombe nayo humlaza mtu mapema, ikamwamsha usiku wa manane.

Vile vile wagonjwa wasiazimane mashauri. Dawa za kundi hili hazina sheria moja. Imatinib yataka chakula. Nilotinib, ambayo hupewa baadhi ya wagonjwa, yataka tumbo tupu. Ushauri uliomfaa mmoja waweza kumwumiza mwenzake.

Tunajua kwamba kusema "mwone daktari" ni rahisi kuliko kumwona. Kutoka Gulwe hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 350 kwa reli. Wenyeji wa huko hawajasahau mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyoikata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Treni ya umeme ilianza kufika Dodoma mwaka 2024 na kupunguza saa za safari, lakini safari ni safari, na hakuna atakayefunga mzigo kwa ajili ya kwenda kusema halali.

Kwa hiyo tunatoa rai mambo matatu. Kwanza, kila kliniki inayotoa dawa hizi imwulize mgonjwa analalaje, isubiri jibu la kweli, na iliandike kwenye kadi yake kama inavyoandika uzito wake. Pili, mganga wa zahanati ya kijiji awe na namba ya simu ya kliniki hiyo, ili swali la usiku wa jana lipate jibu leo, wala lisingojee miezi mitatu. Hilo halihitaji jengo jipya wala mtambo wa fedha za kigeni. Tatu, jamaa na majirani waache mzaha. Wampunguzie mgonjwa kelele za redio usiku, wamwachie mlo wake mapema, na wamsindikize zahanati badala ya kumpeleka kwa mpiga ramli.

Na wewe ndugu mgonjwa, usikiache kidonge kabla ya kusema. Taja saa uliyoamka, taja kilichokuamsha, taja na vidonge ulivyoruka, hata kama unaona haya. Daktari aweza kubadili saa, kipimo, au hata dawa yenyewe. Asichoweza ni kutibu usiku ambao hakuambiwa habari zake.